Simu Zilizolia kwa Zamu: Kisa cha Modemu ya Chini ya Ngazi, Kisumu

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, mwaka 2011, askari wa kampuni moja ya usambazaji bidhaa katika eneo la viwanda Kisumu aliandika maneno haya kwenye kitabu chake cha OB, cha kuandikia matukio ya zamu:

"Saa 7.50 usiku simu ya ofisi ya kwanza imelia, ikanyamaza. Ya pili ikalia, ikanyamaza. Zimeendelea hivyo hadi mwisho wa korido, kisha ghorofani. Ya mapokezi imelia mara nyingi. Nimeipokea, hakuna mtu. Saa 8.36 chumba cha chini ya ngazi kimepiga kelele kama redio iliyopoteza stesheni. Nimegonga mlango, hakuna jibu. Saa 9.00 simu zimenyamaza. Hali shwari."

Asubuhi msimamizi wake alipita, akatia sahihi chini ya "hali shwari", akaenda zake. Ukurasa ule haukusomwa na mtu hadi wiki sita baadaye nilipoonyeshwa mimi. Wakati huo kampuni ilikuwa imeshaletewa bili ya simu ya zaidi ya laki nne, kwa mwezi ambao kwa kawaida haufiki elfu sitini.

Kila nikisimulia kisa hiki watu hucheka wakifika kwenye redio iliyopoteza stesheni. Hudhani mzee alisinzia akaota. Hakuota. Katika jengo zima, lenye fayawoli mpya, kifaa cha kuzuia wavamizi wa intaneti, na kamera mbili getini, ni yeye peke yake aliyewasikia wezi wakipita mlango kwa mlango, na akaandika saa.

Meneja aliniita Jumatatu. "Bwana fundi, kuna mtu humu anapiga ng'ambo kwa simu zetu. Njoo unishikie mwizi." Mwizi mwenyewe alikuwa ameshachaguliwa: kijana wa stoo, kosa lake likiwa ni kuwa na dada anayefanya kazi Dubai. Nikaomba bili yenye orodha ya kila simu, nikakaa nayo kwenye meza ya mapokezi na chai ya maziwa. Simu zilianza Ijumaa saa tatu usiku zikaisha Jumatatu alfajiri, wikendi tatu mfululizo. Nyingi zilikwenda visiwa ambavyo hakuna mmoja wetu angevionyesha kwenye ramani, na Dubai haikuwemo. Kulikuwa na dakika ambapo simu kumi na moja zilikuwa hewani kwa pamoja, kila moja ikiwa imeanza robo saa au zaidi kabla.

"Huyu kijana," nikamwuliza meneja, "ana midomo mingapi?"

Hakucheka. Aliniuliza kama fayawoli niliyomfungia inafanya kazi. Lilikuwa swali la haki, maana nilimfungia mimi, mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa na kila ofisi ya huku kwetu ikaanza kuota faiba. Nikafungua kumbukumbu za fayawoli za wikendi zile zote tatu. Safi kabisa. Usafi ule ulinitia wasiwasi kuliko uchafu, kwa sababu simu kumi na moja haziendi ng'ambo kwa pamoja bila mtambo fulani kuzipeleka, na mtambo huo haukuwa umeguswa kupitia intaneti.

Mtambo wenyewe ulikuwa swichibodi, ule unaogawa simu zote za ofisi. Nilipoingia kwenye mipangilio yake kupitia kompyuta ya mapokezi, nilikuta kitu kimewashwa ambacho kampuni hiyo haikuwahi kukihitaji, kinachoitwa DISA. Kazi yake ni hii: mfanyakazi aliye nje anapiga namba fulani ya ofisi, anaingiza tarakimu za siri, kisha swichibodi inampa mlio wa kupigia kana kwamba ameketi kwenye dawati lake. Akipiga Nairobi, ofisi inalipa. Akipiga kisiwa cha mbali, ofisi inalipa vilevile. Wezi wa aina hii hawana jamaa wa kusalimia huko. Wanapigia namba za malipo ya juu, ambazo mwenyewe hupata mgao kwa kila dakika simu inapokuwa hewani. Ndiyo maana laini zilikaa wazi dakika arobaini, hamsini, bila mtu kusema neno.

Sasa ni nani aliyeiwasha DISA, na aliingilia wapi? Swichibodi ilikuwa imeandika kwamba mipangilio ilibadilishwa na mtumiaji wa matengenezo, Jumatatu usiku, siku moja tu baada ya usiku ule wa askari. Aliingia kupitia tundu la serial, la kuchomekea waya wa kifaa kingine, lililo nyuma ya mtambo. Tundu hilo lilikuwa kwenye chumba cha chini ya ngazi, na ufunguo wa chumba alikuwa nao afisa wa utawala aliyekuwa Kericho hadi kesho yake. Nikafunga laptopu kwenda nyumbani.

Pale getini ndipo kisa kilipofunguka. Mzee wa zamu alikuwa amefika mapema, ameegemeza baiskeli yake ukutani, anafunga koti. Alinisimamisha.

"Mwanangu, nasikia wanamtafuta mtoto wa stoo."

"Ndivyo wanavyosema, mzee."

"Si yeye. Nilisema siku ile. Kaa hapa usome."

Nikasoma. Nikasoma tena. Halafu nikaomba kiti.

Wasiojua kazi hii wataona simu zinazolia ovyo usiku. Mimi niliona orodha. Kampuni ilikuwa na laini ya E1 yenye njia 30, yaani simu 30 kwa wakati mmoja, na juu yake namba 100 za moja kwa moja, kuanzia inayoishia 00 hadi inayoishia 99. Aliyefunga simu zamani alizigawa kwa kufuata milango: 00 ofisi ya kwanza kushoto, 01 inayofuata, na kuendelea hivyo hadi juu. Ukizipiga namba zile kwa mfuatano kutoka nje, mlio unatembea kwenye korido kama mtu anayebisha hodi. Namba zisizo na mwenyewe huangukia mapokezi, na ndiyo sababu simu ya mapokezi ililia mara nyingi. Kila kitu kwenye ukurasa ule kilikuwa na maelezo.

Nilimwuliza alisikia nini alipopokea. "Kimya. Halafu pii. Kimya. Halafu pii." Nikamwomba anipigie mluzi wa sauti ile. Mluzi wenyewe haukuwa na msaada mkubwa, lakini kidole chake kilikuwa nao: alikuwa akigonga kitabu kila "pii" ilipokuja, na nafasi kati ya pigo na pigo ilikuwa ya sekunde mbili hivi. Mashine ya faksi inapopiga simu hutoa mlio wa nusu sekunde wa hezi 1100, kisha hunyamaza sekunde tatu. Modemu, kifaa kinachoiwezesha kompyuta kuongea kupitia laini ya simu, inapopiga hutoa mlio wa hezi 1300 na hunyamaza sekunde moja na nusu hadi mbili. Nikatengeneza milio yote miwili kwenye laptopu, nikamchezea bila kumwambia ipi ni ipi. Ya kwanza akakataa. "Hii imechelewa." Ya pili ilipolia mara mbili tu akainua mkono. Ilikuwa ya modemu.

Kisha tukafanya hesabu, kwenye gamba la nyuma la OB yake. Kutoka saa saba na dakika hamsini hadi saa tisa ni dakika sabini. Namba ni mia. Kwa hiyo kila namba ilipewa sekunde arobaini na mbili, kiasi cha kulia mara sita hivi na kukatwa. Chumba cha chini ya ngazi kilipiga kelele saa nane na dakika thelathini na sita, yaani dakika arobaini na sita tangu mwanzo. Gawanya kwa sekunde arobaini na mbili, unapata namba ya sitini na tano au sitini na sita. Saa ya askari ilikuwa ya mkononi, haina sekunde, kwa hiyo nikaweka mbili tatu za ziada kila upande. Kwenye orodha ya simu za kampuni, 64 alikuwa karani wa usafirishaji, 65 dereva mkuu, 66 jikoni, 68 na 69 ghala. Mbele ya 67 kulikuwa na kistari tu.

Mzee alitazama kistari kile, akatikisa kichwa. "Kumbe ndiyo ilikuwa inaongea."

Kesho yake tulifungua chumba. Nyuma ya swichibodi, juu ya boksi la vigae vilivyobaki, kulikuwa na modemu ya nje, saizi ya kitabu cha Biblia ndogo, rangi yake ya maziwa imegeuka ya chai. Vumbi lilikuwa limeizika isipokuwa kwenye safu ya taa za mbele. Taa mbili zilikuwa zinawaka. Ya kwanza ni ya umeme. Ya pili ina herufi AA, na maana yake ni kwamba modemu imeamriwa ijibu simu yenyewe, yeyote apigaye. Chini yake kulikuwa na stika yenye namba iliyoandikwa kwa mkono, ikianza na 035. Huo ulikuwa msimbo wa Kisumu kabla haujawa 057. Ilikuwa imekaa pale ikisubiri wageni tangu enzi hizo.

Ilifungwa na waliouza swichibodi ili waweze kuirekebisha wakiwa Nairobi, bila kupanda basi. Mkataba wao ulikwisha miaka mingi nyuma, wakaondoka, kifaa kikabaki. Neno la siri la matengenezo lilikuwa lile la kiwandani, lililochapishwa kwenye kitabu cha maelezo cha swichibodi za aina hiyo. Nililijaribu, nikaingia mara ya kwanza.

Na hapa niseme langu. Mwaka 2009, nikifunga faiba, niliingia chumba kile kile na nikairuka modemu ile kwa mguu nikivuta waya. Niliiona. Nilijisemea kwamba mambo ya simu si yangu, mimi ni wa mtandao. Nilimfungia mteja mlango wa mbele kwa kufuli la bei ghali nikiwa nimesimama kando ya mlango wa nyuma ulio wazi. Huku kwetu radi huunguza modemu kila msimu wa mvua, na kwa miaka kadhaa nimekula kwa kubadilisha zilizopigwa. Ile moja iliyohitaji kupigwa, radi iliiruka kama mimi.

Kupekua laini namna ile ni mtindo wa zamani. Filamu moja ya Marekani ya mwaka 1983, WarGames, ilimwonyesha kijana akiiamuru kompyuta ipige kila namba ya mji mmoja kutafuta kompyuta nyingine, na jina ambalo Wamarekani waliupa mtindo huo, war dialing, lilitoka humo. Katika miaka ya 1990, enzi za DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta, zilienea programu kama ToneLoc. Kazi ilikuwa rahisi: upe mtambo fungu la namba, uache uzipige usiku kucha, asubuhi usome orodha. Hapa alijibu mtu, hapa faksi, hapa kulikuwa na shughuli, hapa modemu. Zile za mwisho ndizo zinazorudiwa siku ya pili kwa subira, mtu akijaribu maneno ya siri. Mwaka 2009 H D Moore, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, alitoa programu ya WarVOX, ambayo haikuhitaji hata modemu: ilipiga namba nyingi kwa pamoja kupitia simu za intaneti, ikarekodi sauti ya kila laini, kisha ikazichambua rekodi. Gharama ya upekuzi ikashuka.

Mpekuzi wa kwetu alikuwa mvivu, na uvivu wake ulitusaidia. ToneLoc kwa kawaida hulichanganya fungu ili simu zisifuatane, kwa sababu simu zikifuatana mtu aliye ndani hutambua. Laiti angechanganya, mzee angesikia simu moja huku, nyingine kule, na pengine asingeandika chochote. Jambo jingine lililomsaidia mwizi ni letu wenyewe: swichibodi iliwekwa iandike simu zilizopokelewa tu. Zile zilizolia zikakatwa hazikuwa na alama popote. Kwenye mtambo wa thamani ya laki kadhaa, usiku ule uliacha mistari michache, ya faksi, ya mapokezi na ya 67, bila kitu cha kuiunganisha. Iliyounganisha ni OB ya shilingi mia.

Modemu niliichomoa palepale, waya wa simu kwanza, umeme baadaye. DISA nikaizima. Neno la siri nikalibadilisha, na swichibodi nikaiamuru ifunge mlango kwa muda baada ya majaribio matatu yaliyokosea. Simu za ng'ambo zikazuiwa kwa ekstensheni, yaani simu za ndani, zote isipokuwa tatu, na hata hizo tatu zikazuiwa kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Hatua hii ya mwisho haimzuii mwizi kuingia, ila inamnyima anachokijia. Ningepewa dakika kumi tu na swichibodi ya mtu nisiyemjua, ningeanza na hiyo.

Kuchomoa kimoja hakukunitosha. Kama nimepita juu ya kimoja miaka miwili, je, vingine? Njia ya kujua ni kufanya alichofanya mwizi: kuzipiga namba zetu wenyewe zote mia. Nilimwambia meneja sifanyi bila barua. Akashangaa, simu si ni zake? Ni zake, lakini mtambo unaopiga namba mia ukikosea tarakimu moja unaamsha nyumba ya mtu Milimani saa nane usiku, au unashika laini ya zahanati. Nikataka barua yenye sahihi, fungu la namba kama lilivyo kwenye bili, siku na saa, na jina la atakayepokea simu yangu kama jambo litaharibika. Tangu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 nimezidi kuwa mkali juu ya barua hiyo. Kifungu cha 14, cha kuingia kwenye mfumo bila idhini, kina faini ya hadi shilingi milioni tano, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Laptopu yenye matokeo ya upekuzi bila barua pembeni ni ushahidi dhidi yako.

Tulipima Alhamisi saa nne usiku, na askari akajulishwa. Niliketi mapokezi nikasikia kile alichokisikia yeye, simu zikitembea kuja kwangu ofisi kwa ofisi gizani, na nakiri nywele zilisimama ingawa mtambo uliokuwa ukipiga ulikuwa wangu. Namba 12 ilijibu kwa mlio wa hezi 2100, faksi tuliyoijua. Kisha 41, baada ya kulia mara nne, ikajibu kwa mlio kama huo, ikaanza kukwaruza, na kwenye skrini yangu likatokea neno CONNECT, yaani modemu yangu imeunganishwa na nyingine.

Ilikuwa ofisi ya mhasibu mkuu. Ndani ya kompyuta yake kulikuwa na kadi ya modemu, na programu ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, bila neno la siri lolote. Siku za wikendi huizima, ndiyo maana usiku wa mwizi 41 ililia tu ikanyamaza. Alhamisi ile ilikuwa mwisho wa mwezi, akaiacha inawaka. Tangu hapo sipimi jengo mara moja tu. Napima usiku na mchana, siku ya kazi na siku ya mapumziko, na wiki ya kufunga hesabu.

Asubuhi nilikwenda kwake kabla ya kwenda kwa meneja.

"Madam, samahani, hii kadi ni yako?"

Alinyamaza kidogo. "Ni yangu. Niliinunua kwa pesa yangu." Kisha sauti ikapanda. "Mnataka nikae hapa hadi saa nne usiku kila mwisho wa mwezi, halafu nitafute boda mpaka Migosi na watoto wananingoja? Niliomba laptopu mara mbili. Waulize kama walinijibu."

Sikuwauliza, maana nilijua jawabu. Modemu nyingi za siri nilizokuta katika kazi hii ziliwekwa na watu wachapakazi. Mvivu hahitaji kuifikia ofisi usiku. Ukiingia kwa ukali na kung'oa kadi, mwenye shida ataficha nyingine mahali ambapo hutaiona, kwa hiyo kwenye ripoti niliandika kwanza kwamba mhasibu apewe laptopu na VPN, njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi akiwa nyumbani, na mstari uliofuata ndio uliosema kadi itolewe. Meneja alinung'unika juu ya bei. Nikamfunulia bili.

Wapo ambao kweli wanahitaji modemu ya matengenezo, hasa mahali ambapo faiba haijafika. Kwao naona dawa bora ni ya kizamani kuliko zote: waya wa simu ukae umechomolewa. Fundi wa mbali akitaka kuingia anapiga kwanza mapokezi kwa sauti yake, dada wa mapokezi anarudisha simu kwa namba iliyo kwenye mkataba, anauchomeka waya, anaandika saa, na fundi akimaliza anauchomoa. Hakuna programu inayopekua waya usiochomekwa. Wakikataa usumbufu huo, basi modemu ipewe amri ATS0=0 ili isijibu yenyewe, au namba yake itolewe nje kabisa ya fungu la kampuni, ili anayepiga 00 hadi 99 asiikute.

Modemu za kurudisha simu, zile zinazokata na kumpigia mwenyewe kwa namba iliyohifadhiwa, ni nzuri, lakini zina shimo ambalo wauzaji hawalitaji. Ikiwa zinarudisha kwa laini ile ile, kwenye baadhi ya mitambo aliyepiga anaweza kukataa kukata, akaicheza modemu mlio wa kupigia wa uongo, nayo ikabonyeza tarakimu zake bila kujua kwamba bado inaongea na mgeni yule yule. Irudishe kwa laini nyingine. Na bango la makaribisho, maneno anayoyaona aliyeunganishwa, lisitaje jina la kampuni wala aina ya mtambo. Mgeni asiyejua alikofika ana kazi mara mbili.

Juu ya fidia nitapita haraka, kwa kuwa hakuna cha kusimulia. Kampuni ya simu ilisema simu zilitoka kwenye laini ya mteja, kwa hiyo mteja alipe, na ikakubali malipo ya awamu. Tuliandikisha ripoti polisi, OB yao ikazaliwa na OB ya askari wetu. Aliyepiga hakupatikana. Kijana wa stoo aliitwa akaambiwa yamekwisha. Kuombwa radhi, hakuombwa.

Wengi siku hizi huniambia habari hizi zimekufa pamoja na nyaya za shaba. Laini za mezani zimepungua sana, hilo ni kweli, na nyingine zilikatwa na wezi wa shaba wenyewe. Lakini nenda uangalie geti linalofunguka kwa kupigiwa simu, king'ora cha duka, pampu ya kisima inayowashwa kwa ujumbe, jenereta inayoripoti mafuta. Ndani ya kila kimoja kuna laini ya simu ya mkononi, na mara nyingi neno la siri ni 1234 au 0000, kama lilivyotoka kiwandani. Mteja akinunua laini ishirini kwa mpigo, namba zake mara nyingi hufuatana. Mwaka jana niliitwa shambani upande wa Ahero, pampu inajiwasha usiku. Kabla ya kugusa pampu nilimwuliza kijana anayelinda kama simu yoyote huwa inalia pale karibu.

Turudi kwenye ofisi yetu. Baada ya kila kitu kufungwa nilipima mara ya mwisho, Jumamosi, makusudi kwa saa zile zile za mwizi. Swichibodi sasa ilikuwa inaandika kila simu, iliyopokelewa na isiyopokelewa, na msimamizi wa askari alikuwa ameagizwa kusoma kabla ya kutia sahihi. Jumatatu nilipita kuchukua hundi yangu, nikaomba kuona OB. Mwandiko ule ule, kalamu ya bluu:

"Saa 7.50 usiku simu zimeanza kulia kwa zamu. Ni fundi. Amekunywa chai yangu. Saa 8.37 nimesimama chini ya ngazi na tochi. Kimya. Saa 9.00 zimekwisha. Hali shwari."